Paka Mweusi na Kadi ya Shirley

Paka tuliyemleta nyumbani Buyenzi mwaka huu ni mweusi tii, ndiyo maana wadogo zangu wakamwita Makaa. Picha zake za kwanza nilizopiga kwa simu ziliwachekesha wote: mkeka mweupe unaonekana ukindu kwa ukindu, na katikati pana doa lenye macho mawili. Mjomba, ambaye zamani alikuwa na studio ndogo ya picha za paspoti, hakucheka. "Mpwa wangu," alisema, "hapa umepiga mkeka. Paka hayumo."

Kisha akaeleza. Kamera haimjui paka wala mkeka. Hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Weupe ukijaa kwenye picha, kamera hupunguza mwanga, na cheusi hupotea. Akanielekeza niuondoe mkeka, nimweke Makaa karibu na mlango jioni, jua linapoinamia upande wa ziwa, kisha niguse uso wake kwenye kioo cha simu. Masharubu yakatokea, na hata wekundu wa manyoya ya shingoni ambao hatukuwahi kuuona.

Kama mwanafunzi wa historia, nilivutiwa zaidi na neno aliloongeza: enzi za filamu, wateja walimlalamikia kwa jambo hilohilo. Nyuso zao zilirudi kutoka kusafishwa zikiwa kama masizi, na lawama zote zilimwangukia yeye. Lakini kipimo cha rangi hakikuwekwa Bujumbura.

Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikiuza filamu za rangi pamoja na gharama ya kuzisafisha. Mwaka 1954 serikali ya huko iliilazimisha kutenganisha biashara hizo mbili. Maabara nyingine zilipoingia katika kazi hiyo, zilihitaji mfano wa kusawazishia rangi, na Kodak ikazipelekea picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza alikuwa Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak. Waliomfuata nao kadi zao zikaitwa Shirley vilevile. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa.

Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Watoto weusi na weupe walipokaa katika picha moja ya darasa, kasoro ikawa wazi: wengine wana nyuso, wengine wana meno na macho tu. Wazazi walilalamika. Hata hivyo, Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyewahoji watu wa Kodak, aliambiwa kwamba waliosikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya aina moja ya chokoleti na nyingine, au ya mbao na mbao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba tatizo lilikuwa la kemia peke yake. Kemia ilikuwa inabadilika, tena bila mwujiza wowote, pale aliyekosoa alipokuwa mteja mkubwa. Ukosoaji wa mama wa mtoto na ule wa kiwanda ulikuwa na maudhui yaleyale. Uzito ndio uliotofautiana.

Katika bara letu pia jambo hili lilisemwa waziwazi. Mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard, aliyealikwa Mozambique mwishoni mwa miaka ya 1970, anakumbukwa kwa kukataa filamu za Kodak akisema zina ubaguzi.

Kodak ilipokuja kuitangaza filamu iliyoboreshwa, haikutaja watu. Ilisema filamu hiyo inaweza kumnasa farasi mweusi katika mwanga hafifu. Kadi yenye wanawake watatu, mmoja mweusi, mmoja mweupe na mmoja wa Asia, ilitoka katika miaka ya 1990.