Biti, Beti na Mizani Kumi na Sita

Mwanagenzi wa muziki wa kompyuta akiuliza jijini Dar es Salaam aanze na programu gani, hajamaliza swali keshajibiwa: "Chukua Fruity." Jina hilo lilistaafishwa mwaka 2003. Programu yenyewe ilitoka Ubelgiji mwishoni mwa 1997, kazi ya Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line, ikaitwa FruityLoops. Leo ni FL Studio. Mtaani taarifa ya kustaafu haijafika. Na jibu si baya, lina haraka tu.

Muulize kwanza huyo kijana anataka kutengeneza nini. Mmoja atasema biti. Mwingine atasema wimbo. Aliyekulia kwenye vigodoro, nyuma ya meza ya dijei, huenda akasema seti. Kwa mpita njia yote hayo ni muziki, basi. Kwa walioziunda programu hizi kila neno ni kazi tofauti, na ukiifungua programu unaona kabisa ni neno gani lilikuwa kichwani mwa aliyeiunda. Ndiyo maana namshauri mwanagenzi alitafute neno lake kabla ya kutafuta programu.

Tuanze na biti, maana ndilo lenye wafuasi wengi. Studio zetu hazilitumii kwa maana ya pigo moja. Biti ni muziki wote ulioiva unaomsubiri mwenye mistari. Prodyuza anapika biti, anagonga biti, anauza biti. Msanii anakaa juu yake. Lina jirani wa sauti, beti, wingi wa ubeti, na ujirani huo unanifurahisha kwa sababu nitakayoifikia sasa hivi.

Fungua FL Studio. Kinachokupokea ni safu za visanduku, kumi na sita kila safu, vinne vinne kwa rangi za kupokezana. Safu ya juu ni ya kiki, ile ngoma nzito ya chini. (Samahani kwa wasanii wote: kwenye kompyuta, anayetafuta kiki anatafuta ngoma tu.) Zinafuata makofi, hati (hi-hat) na snea. Bonyeza kisanduku cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13 kwenye safu ya kiki, weka makofi cha 5 na cha 13, kisha hati kwenye cha 3, cha 7, cha 11 na cha 15. Cheza. Huo ndio uti wa mgongo wa muziki wa hausi, na umekuchukua muda mfupi kuliko kuusoma hapa.

Kumi na sita ni idadi ambayo Mswahili hafundishwi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Dambrin hakuitoa kwetu, bila shaka. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya mwaka 1980 tayari ilikuwa na vitufe kumi na sita mstari mmoja, na hesabu inatokana na mapigo manne ya muziki yaliyogawanywa kila moja mara nne. Wazungu huviita hatua. Mimi naviita mizani, na sioni kwa nini mwanagenzi aanze upya na neno la ugenini wakati shuleni alishahesabu hivi kwa vidole. Tofauti ipo moja na inafaa ikumbukwe: mizani ya mshairi lazima itamkwe, ya kompyuta inaweza kukaa kimya na bado ikahesabiwa. Ustadi wa biti uko zaidi kwenye hizo zilizo kimya. Wanaoanza hujaza visanduku vyote, halafu wanashangaa mbona muziki hautembei.

Sasa tia kasi. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mshororo wa mizani kumi na sita unapita kwa sekunde mbili. Singeli haina subira hiyo. Hupita mapigo 200 kwa dakika na kuendelea. Kwenye 240 mshororo mzima unakwisha kwa sekunde moja, na kila mizani inapata milisekunde 62.5. Hakuna ulimi wa kutamka mizani kumi na sita kwa sekunde na ukaeleweka, ndiyo maana MC wa singeli mara nyingi husema kwa nusu ya kasi huku muziki ukikimbia chini yake.

Singeli pia inatuonyesha udhaifu wa istilahi "muziki wa kielektroniki". Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam. Ulaya ukapokewa kama muziki wa kielektroniki wa kutisha na wa ajabu. Mburahati ni singeli. Wala hakuna anayeona haja ya kutaja umeme, kwa sababu kwaya na bongo fleva nazo zinapita kwenye kompyuta ileile. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka programu ya "muziki wa kielektroniki" nahesabu kwamba bado hajasema kitu. Aseme singeli, hausi, amapiano, au kile anachokisikia kichwani usiku, hapo tutaongea.

Anayesema seti nampeleka Berlin. Ableton Live ilitoka mwaka 2001. Nyuma yake walikuwapo Gerhard Behles na Robert Henke, watu waliokuwa wakipiga muziki wa kompyuta jukwaani kwa jina la Monolake, na jina la programu linakiri hivyo: ni ya mubashara. Hata faili unalohifadhi linaitwa seti. Ukurasa wake maarufu hauna mwanzo wala mwisho. Una safu wima za ala na ndani yake vijisanduku vyenye vipande vya sauti. Unabonyeza kipande kinaingia, kikizunguka, kwenye mapigo, na kingine kinatoka. Neno kipande nalo tunalo tayari kwa washairi, maana ukwapi ni kipande, utao ni kipande. Ukiziacha tungo za vitabuni ukafikiria ngonjera au majibizano ya ngomani, ambako mtu huchomoa kipande kinachofaa kwa wakati huo na watazamaji wale, umeshaielewa Ableton kuliko wengi walioinunua. Anayependa kujaribu jaribu hadi wimbo ujitokeze wenyewe atakaa vizuri humo. Asiyeweza kumaliza jambo itampoteza, kwa sababu vipande vinaweza kuzunguka mpaka Ramadhani nyingine.

Kwa anayesema wimbo, mwenye gitaa, sauti ya kuimba au kikundi cha kwaya, kuna familia ya treki. Treki ni urithi wa tepu: mikondo kadhaa ya sauti inayokwenda pamoja kutoka kushoto hadi kulia, kila ala na mkondo wake. Cubase, Logic na Reaper ni za ukoo huo. Reaper, maana yake mvunaji, na ndivyo Waingereza wanavyomwita pia malaika wa mauti, ni ya Justin Frankel, yuleyule aliyetuletea Winamp. Ni nyepesi na inakubali kompyuta kuukuu. GarageBand ya Apple huja bila malipo kwa mwenye Mac au iPhone. Nayo imepewa jina la mahali ambapo vijana wa Marekani hufanyia mazoezi ya bendi. Kwetu gereji ni kwa fundi magari.

Neno lililonikalisha zaidi kuliko yote ni kinanda. Pwani liliwahi kuwa jina la ala ya nyuzi, jamaa wa gambusi. Likahamia kanisani kwa ala ya mvuto wa hewa, likachukua piano, na kufikia zama za mchiriku mitaa ya Dar ilikuwa ikiliita kinanda kile kijikasio kilichopitishwa kwenye spika chakavu hadi kikalia kwa ukali. Ala zimebadilika, jina limebaki, na sasa linaombwa lisogee hatua nyingine. Programu karibu zote zina ukurasa wenye picha ya vibonye vya piano vilivyosimama upande wa kushoto, na mbele yake uwanja wa mistari ambamo unachora noti kama vijiti vya rangi. Asili yake ni zile karatasi za kuviringishwa zilizotobolewa matundu, zilizokuwa zikiendesha piano zinazojipiga. Tunayo gombo kwa karatasi ya namna hiyo. Gombo la kinanda, basi.

Gombo hilo lina mipaka ambayo mpenzi wa taarabu ataigundua mapema. Lugha ya MIDI, ambayo tangu 1983 ndiyo vinanda na kompyuta huzungumza, huzipa noti namba kutoka 0 hadi 127, kumi na mbili kwa kila oktava. Maqamu ya Kiarabu yaliyoingia kwenye taarabu ya Unguja yana sauti zinazokaa katikati ya namba mbili. Zipo njia za kuipinda noti ifike huko, za kuchosha, na mwanagenzi hukata tamaa akidhani sikio lake ndilo bovu. Ableton Live 12 ya mwaka 2024 imeongeza mifumo ya kulinganisha sauti nje ya hizo kumi na mbili. Kwa mtu anayetaka kuchanganya udi na kiki hiyo ni sababu nzito ya kuichagua, nzito kuliko sifa zote za tangazo.

Waingereza huzikusanya programu hizi zote chini ya herufi tatu, DAW. Isome kama ilivyo na unapata dau. Dau la kwanza ni chombo, la pili ni fedha inayowekwa mezani, na yote mawili yanamhusu mwanagenzi wetu. Wahenga walishasema dau la mnyonge haliendi joshi, na joshi hapa ni kazi ya kichakataji. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 1024, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23. Ukipiga kinanda cha kuchomeka kwenye laptopu dhaifu iliyowekewa bafa hiyo, sauti inakuja ikiwa imechelewa zaidi ya theluthi ya mizani ya singeli ya mapigo 240, na vidole vinachanganyikiwa. Ukiipunguza bafa, sauti inaanza kukwaruza. Mwenye kubonyeza visanduku kwa mausi hana shida hiyo: hasubiriwi na mtu, na mizani ikishawekwa imekaa mahali pake. Naamini hapo ndipo penye sehemu ya siri ya Fruity kuenea kwenye studio za chumba kimoja zenye kompyuta za mitumba.

Dau la pili, la fedha, linataka tahadhari na neno bure. Jay Mitta wa Sisso aliiita albamu yake ya 2019 Tatizo Pesa, kwa hiyo hakuna haja ya kueleza kwa nini watu wanakraki programu. Ila faili za kukraki huja na virusi, na mradi unaweza kupotea siku ya kazi. Bure halali zipo, kila moja na masharti yake. LMMS ni bure kabisa na inafanana na FL kwa visanduku vyake, japo kwa miaka mingi haikuwa na njia ya kurekodi maikrofoni. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio ukishainunua, matoleo mapya unapewa maisha yote bila kuongeza senti. Lakini toleo lake la majaribio ndilo lenye bure ya Kiswahili kamili, ya kutolipa na ya kazi bure: unatengeneza, unahifadhi, unafunga, na kesho mradi wako haufunguki mpaka ununue. Anayeanza nayo atoe kila safu peke yake kama faili la WAV kabla ya kuzima kompyuta, kiki mbali, hati mbali, gombo la kinanda mbali. WAV hufunguka popote, hata kwenye Reaper.