Kumkatia Mfalme Njia

Ubao wa sataranji ulikuwa juu ya kreti la soda, nje ya kibanda cha kinyozi karibu na Jules Street, Jeppestown, Afrika Kusini. Aliyecheza kete nyeupe ni kijana wa Bukavu. Mpinzani wake ni mtu mzima kutoka Tanga. Zilibaki kete nne tu: wafalme wawili, ngome moja nyeupe na kitunda kimoja cheusi. Yule wa Tanga akanyoosha mkono amsogeze mfalme wake, akasita, akaurudisha.

"Baba, hapo hupiti," kijana akamwambia kwa upole. "Tua iko inamukatia njia."

Tua ni Kifaransa, maana yake mnara. Sisi wa pwani tunasema ngome. Mimi nilishikwa na kitenzi. Miaka mingi nimetafuta namna ya kuieleza mbinu hii darasani, na kijana wa Bukavu ameitamka kama anayeagiza chai.

Kete zilikaa hivi: mfalme mweupe b8, ngome a5, mfalme mweusi g6, kitunda chake g4. Kitunda kimebakiza hatua tatu kipandishwe cheo, na mfalme mweupe yuko mbali mno. Ukitazama haraka utadhani ngome imesimama bure, maana haimgusi yeyote. Lakini mstari wote wa 5 umo mikononi mwake, na mfalme mweusi hawezi kuukanyaga. Kitunda kikienda peke yake g3, ngome inashuka a3. Kikikimbilia g2, ngome inaingia g3 kwa cheki, kisha inakila. Kikitulia, mfalme mweupe anakuja taratibu mpaka akifikie.

Wanafunzi wengi huharibu hapa kwa kupiga cheki a6. Cheki ina utamu wake. Ila ngome ikishauacha mstari wa 5, mfalme mweusi anatoka f5, anakisindikiza kitunda bega kwa bega, na mwishowe ngome inajitoa mhanga ili kitunda kisigeuke malkia. Sare.

Sasa neno. Nimewahi kusikia "kumzingira mfalme", nami silikubali: kuzingira ni kuzunguka pande zote, na ngome hapa imeshika mstari mmoja tu. "Kumfungia" kunaleta picha ya chumba na kufuli, hali mfalme yuko huru kwenda popote nyuma ya mstari. "Kumzuia" ni pana mno. Hata kitunda humzuia mfalme. Wapo watakaopinga kwamba "kukata njia" ni kupita njia ya mkato. Ni kweli, bila viambishi. Weka -m- ya mtendwa na -i- ya kutendea, "kumkatia njia", na maana inageuka: njia ni ya mwenzako, wewe umeikata asipite. Viambishi viwili vidogo vimebeba mbinu nzima, na ndiyo maana nalitaka neno hili liingie vitabuni. Afrika Kusini hii hii, Watu Kobese, mwenye cheo cha Bingwa wa Kimataifa, ameandika Masidlale Uthimba, kitabu cha kufundisha chesi kwa lugha za nyumbani. Na sisi tuandike.

Tusiandike, hata hivyo, kwamba ngome hukishinda kitunda siku zote. Mwaka 1895, padri Mhispania aliyeishi Glasgow, Fernando Saavedra, alionyesha hali ambayo kitunda ndicho kinachoshinda. Kikifika mwisho kikawa malkia, ngome inajitoa kwa hila, malkia anaila, na mfalme wa upande wa pili anabaki bila pa kwenda wala cheki: sare. Kikichagua kuwa ngome, hila hiyo inakufa na ushindi unabaki.

Pale Jeppestown hapakuwa na muujiza wa namna hiyo. Mtu wa Tanga aliutazama mstari wa 5 kwa muda mrefu, akasukuma kitunda g3, na kijana akaishusha tua yake a3.