KODI YA ARDHI KISUMU, NJIA ZA KUILIPA

Kodi ya ardhi, ambayo wenyeji aghalabu huiita reti, ni fedha ambazo mmiliki wa kiwanja hutozwa kila mwaka na serikali ya kaunti, kwa mujibu wa mamlaka iliyotolewa na Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010. Haina budi kutenganishwa na pango la ardhi, ambalo mwenye hati ya ukodishaji hulilipa kwa Serikali Kuu, maana aliyelipa moja hajaondokewa na dhima ya jingine.

Mji wa Kisumu, ulioanza mwaka 1901 kwa jina la Port Florence pale reli ya kutoka Mombasa ilipofika ukingoni mwa ziwa, na kupandishwa daraja kuwa jiji mwaka 2001, ulitozwa kodi hiyo na baraza lake hadi serikali za kaunti zilipoundwa mwaka 2013. Sheria mbili zilizorithiwa tangu enzi ya ukoloni zilidumu mpaka mwaka 2024, ilipotungwa Sheria ya Kitaifa kuhusu kodi hizi.

Ukadiriaji. Kodi hupimwa ama kwa thamani ya ardhi iliyoandikwa katika daftari la uthamini, ama kwa ukubwa wa eneo lenyewe. Nyumba za ibada, makaburi, na shule na hospitali zisizotafuta faida zilisamehewa na sheria ya zamani, ambayo pia ilimpa mmiliki asiyeridhika na thamani aliyokadiriwa siku 28 za kuwasilisha pingamizi.

Njia za kulipa. Kodi huanza kudaiwa tarehe 1 Januari, na kaunti ndiyo itangazayo siku ya mwisho ya kuilipa bila nyongeza. Mmiliki huweza kupeleka fedha katika akaunti ya kaunti benkini, kisha akaichukua stakabadhi yake hadi afisi ya mapato; au akalipa kwa simu kupitia M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na ambayo imewawezesha wana wa Nyanza waishio Nairobi au ng'ambo kulipia viwanja vya wazazi wao pasipo kusafiri. Lakini kwa njia yoyote ile, jambo la kuangaliwa kwa makini ni nambari ya kiwanja, ambayo katika jiji hili huandikwa kwa mtindo wa Kisumu/Municipality/Block, ikifuatwa na tarakimu za bloku na za ploti: tarakimu moja ikikosewa, fedha huingia katika hesabu ya jirani, na mlipaji hubaki mdaiwa ilhali ana risiti mkononi. Kwa hiyo ni wajibu, baada ya kulipa, kuomba taarifa ya hesabu na kuhakikisha kuwa salio limepungua.

Kibali. Aliyemaliza deni hupewa hati ya kuthibitisha kwamba kiwanja hakidaiwi, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ilipotungwa, iliitaka hati hiyo kabla ya msajili kuandikisha uhamisho. Mnunuzi mwenye busara huidai mapema, kabla hajatoa fedha zake.

Malimbikizo. Anayechelewa huongezewa riba, na anaweza kushtakiwa mahakamani. Sheria ya zamani iliiruhusu hata mamlaka kumwelekeza mpangaji ailipe kodi yake ya nyumba kwayo, mpaka deni la mwenye nyumba limalizike. Ni kawaida ya serikali za kaunti, mara kwa mara, kutangaza msamaha wa riba na adhabu kwa muda maalumu. Msamaha huo hauondoi deni la asili, hivyo mwenye malimbikizo na autumie wasaa huo kulipa kiini chake chote.

Madhali deni huambatana na ardhi, wala halifi na mwenyewe, jamaa waliorithi kiwanja ambacho hati yake bado ina jina la babu wanapaswa kuendelea kulipa huku wakishughulikia mirathi, na kuhifadhi risiti za miaka yote, za baraza la zamani na za kaunti, ili ithibati isikosekane siku ya kugawana au kuuza.