Ukoo wa Mama na Ukoo wa Baba katika Nchi ya Katavi

Mwaka 1861 mwanasheria wa Uswisi, Johann Jakob Bachofen, alitoa kitabu kilichodai kwamba kabla ya baba kuwa mkuu wa nyumba, mama ndiye aliyetawala nyumba na jamii kwa jumla. Mwaka 1877 Mmarekani Lewis Henry Morgan aliipa hoja hiyo nguvu kwa kuchunguza mila za wenyeji wa Amerika, na mwaka 1884 Friedrich Engels akaifungamanisha na mali: mifugo ilipoongezeka, mwanamume alitaka kuirithisha kwa wanawe mwenyewe, na hapo haki ya mama ikaangushwa. Mwaka 1959 Cheikh Anta Diop wa Senegali aliigeuza hoja hiyo, akasema ukoo wa mama ulikuwa na makao yake Afrika tangu asili. Wanaakiolojia wengi wa leo hawaoni ushahidi wa enzi ambayo wanawake waliwatawala wanaume. Jambo lenye ushahidi ni jingine: zilikuwapo jamii zilizohesabu ukoo kwa mama, na nyingi kati yake zikageuka. Magharibi mwa Tanzania, kutoka Unyamwezi hadi Ufipa, nchi ambayo mji wa Mpanda, mkoani Katavi, uko katikati yake, mageuzi hayo yanaweza kufuatwa zama kwa zama.

Zama za kwanza ni za kuenea kwa wasemaji wa Kibantu. Walianza kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni takribani miaka 5,000 iliyopita, na katika karne za mwanzo baada ya Kristo wakulima waliofua chuma walikuwa wamekwisha kukaa katika nchi za Ziwa Tanganyika. Wataalamu wa historia ya lugha, akiwamo Christopher Ehret, wanaona kwamba Wabantu wa mwanzo walihesabu ukoo kwa mama. Hadi leo ukanda wa jamii za namna hiyo unavuka bara kutoka Angola na Kongo, kupitia Zambia na Malawi, hadi kwa Wamakonde, Wayao na Waluguru. Hata hivyo, ukoo wa mama haukuwa utawala wa mama. Mamlaka juu ya watoto na ardhi mara nyingi yalishikwa na mjomba. Alichokuwa nacho mwanamke ni kinga: alilima kwenye ardhi ya ndugu zake, na ndoa ikivunjika watoto walibaki na watu wake.

Zama zilizofuata zilitawaliwa na miombo na mbung'o. Mbung'o wa msitu uliozunguka Mpanda ya leo waliwazuia ng'ombe kwa karne nyingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Clare Holden na Ruth Mace ulionyesha kwamba jamii za Kibantu zilizopata ng'ombe ndizo zilizoelekea kuuacha ukoo wa mama. Ng'ombe ni mali inayozaana, inayoweza kuporwa, na inayohitaji vijana wa kuilinda. Pia ni mahari kubwa. Pasipo ng'ombe, mahari ilikuwa majembe, au kazi ya mkwe shambani kwa wazazi wa mke. Majembe hayo yalitokana na matanuri marefu ya udongo ya Wafipa, ambayo wahunzi waliyatendea kama bibi harusi. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma sheria ilikuwa wazi: mahari ikilipwa, watoto ni wa ukoo wa baba, isipolipwa, ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo njia zote mbili zilikuwapo katika jamii ileile, na mali ndiyo iliyoamua.

Karibu na karne ya 18 Ufipa iliingia katika zama za falme. Masimulizi ya Wafipa yanaeleza kwamba wanawake wageni waliwasili Milansi wakati mfalme yuko mawindoni, wakakikalia kigoda chake, na ufalme ukahamia kwao. Mfalme wa Milansi alibakiwa na heshima ya matambiko, na nasaba ya Watwa ikatawala kupitia uzao wa wanawake hao. Anayetafuta enzi ya wanawake angeweza kuyashika masimulizi haya kama kumbukumbu. Busara inataka yasomwe kama hati ya uhalali: watawala wapya, wengi wao wanaume, walithibitisha haki yao kwa kumtaja mama mwanzilishi, kwa kuwa katika nchi ile haki iliyotoka kwa mama ilikuwa na uzito.

Karne ya 19 ilileta misafara. Pembe za ndovu, bunduki na biashara ya watumwa viliweka utajiri mikononi mwa watemi na wafanyabiashara. Huko Unyanyembe, utemi mmojawapo wa Unyamwezi, ambako awali mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake, kiti kilihamia kwa wana wa mtemi. Richard Burton, aliyekaa Kaze, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba wanaume wa Unyamwezi walipendelea kuwaachia mali watoto waliozaa na watumwa. Sababu yake huenda ni hii: mtoto wa mtumwa hakuwa na wajomba wa kumdai, hivyo alikuwa wa baba peke yake. Ukoo wa baba ulikua kwa jasho na machozi ya wanawake waliotekwa. Hata hivyo, mtemi Isike alipokufa akipigana na Wajerumani mwaka 1893, kiti cha Unyanyembe kilikaliwa na mwanamke, Nyaso.

Wakoloni waliukamilisha mwelekeo huo. Wamisionari wa Afrika, waliopokea kituo cha Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, walifundisha familia yenye baba kama kichwa. Kodi ya nyumba ya mwaka 1898 iliwasukuma wanaume kwenye kazi za fedha. Reli ya Mpanda ilipofika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, mshahara ulikuwa wa mwanamume.

Baada ya uhuru, mila iliandikwa. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilifuata desturi za koo za baba na kumnyima binti haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ni ubaguzi unaopingana na Katiba, na mwaka 1999 sheria za ardhi zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Katika miongo hiyohiyo wafugaji wa Kisukuma waliingia Katavi na makundi yao, na mahari ya ng'ombe ikafika ambako mbung'o alikuwa ameizuia.

Leo Mpanda ni mji unaowakutanisha wenyeji wa nchi hizi na waliohamia. Baraza la ukoo linapomwambia binti kwamba mila haijawahi kumpa ardhi, linasema jambo ambalo historia inalikanusha. Mila hiyo imeundwa na ng'ombe, bunduki, kodi na tamko la serikali, kila kimoja kwa wakati wake. Binti hahitaji malkia wa kale ili adai fungu lake. Inamtosha kujua kwamba urithi umebadilishwa na watu mara nyingi katika nchi hii, na kwamba sheria za ardhi ziko upande wake.