Wapakiaji wa Shinkolobwe

Kijana akianza kazi ya kupakia mizigo hapa Likasi, juma la kwanza mgongo humuuma hata usingizi hana. Baadaye huzoea. Lakini iko mizigo ambayo bega haliwezi kuijua.

Magharibi ya mji wetu, kilometa kama 20, ndiko Shinkolobwe. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na tangu 1921 Union Minière iliyachimba kwa ajili ya radiumu; uraniamu ilikuwa kama makapi. Mwaka 1937 shimo lilifungwa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, alipeleka New York tani kama 1,200 zilizokuwa zimekwisha kuchimbwa. Wakati wa vita shimo likafunguliwa tena.

Basi tuhesabu mikono. Wapakiaji waliyapandisha mawe hayo katika mabehewa. Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, wengine wakayashusha na kuyapakia katika mashua za mtoni. Leopoldville yakashushwa tena, yakapandishwa gari la moshi la Matadi, na huko yakaingia melini. Kila mara ni mgongo wa mtu. Naye angejuaje anachobeba? Ilikuwa siri ya vita.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilianguka Hiroshima. Sehemu kubwa ya uraniamu yake ilitoka kwetu.

Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Majina ya wapakiaji tumeyatafuta, wala hatukupata hata moja.