Mizani ya Umeme na Maji ya Ozi

Ozi ni kijiji cha wakulima kilicho karibu na mlango wa Mto Tana, juu kidogo ya Kipini. Hapo maji matamu ya mto na maji ya chumvi ya bahari hukutana kila siku. Tangu kale wakulima wa huko, wengi wao Wapokomo, walijua kuitumia bahari iwanyweshee mashamba. Maji ya bahari yajaapo, huyarudisha nyuma maji ya mto, nayo hupanda na kuingia katika majaruba ya mpunga. Walakini jambo hilo lataka mto wenye nguvu. Mto ukidhoofu, kinachopanda ni chumvi, na chumvi huua mpunga na kuikausha miembe.

Habari hii yaonekana kuwa mbali na mambo ya umeme. Lakini tukiifuata historia, tutaona ya kuwa ziko njia moja.

Zamani Kenya ilipata umeme kwa mitambo ya mafuta, kwa maporomoko madogo ya maji, na, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, kwa kuununua kutoka Uganda. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, taifa lilitaka nguvu zilizo mikononi mwake lenyewe, na macho yakaelekea Mto Tana. Kituo cha Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968. Kikafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mpango huo ulikuwa wa busara. Maji yatokayo Masinga hupita katika vituo vyote vitano, kimoja baada ya kingine, hata tone moja likafanya kazi mara tano.

Serikali nayo haikuwaacha wafuaji wa umeme wafanye wapendavyo. Sheria ya mwaka 1997 iliunda bodi ya kuwasimamia. Sheria ya mwaka 2006 ikaipanua kazi hiyo. Na ile ya mwaka 2019 ikaikabidhi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Wasimamizi hao walishika mizani. Mtambo wa mafuta huwekewa kiasi cha mafuta kinachokubaliwa kwa kila uniti ya umeme. Ukila zaidi, si haki mnunuzi atwikwe ziada hiyo. Kanuni za mwaka 2012 ziliviagiza viwanda na majengo yatumiayo nguvu nyingi kukaguliwa kila miaka mitatu, na kutimiza angalau nusu ya akiba ambayo wakaguzi wameonyesha kuwa yaweza kupatikana. Nia ya kanuni hizo ni njema: mali ya nchi isipotee bure.

Walakini mizani hupima kile tu kilichowekwa juu yake. Mafuta yana bei, kwa hiyo hupimwa. Maji ya mto hayakuwa na bei hiyo. Kwa mhandisi wa umeme, maji yanayofurika juu ya bwawa bila kuzungusha mtambo ni hasara. Kwa mkulima wa Ozi, mafuriko ya kadiri ni neema: huleta udongo wenye rutuba na kuisukuma chumvi irudi baharini. Maji ni yale yale, lakini huandikwa hasara katika daftari moja na faida katika jingine. Na daftari la Ozi halikufunguliwa.

Tusiyatwike mabwawa lawama yote. Ukame, na maji yachukuliwayo kwa mashamba makubwa na kwa miji, vimeupunguza mto pia. Tena gharika iliyopita kiasi, kama ile ya mwaka 1997, huangamiza mashamba hayo hayo. Lakini hapana shaka kwamba mabwawa yamebadili majira ya mto na kuuzuia udongo mwingi huko juu.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliamuru madhara ya kazi kubwa yachunguzwe kabla ya kuanza. Sheria ya maji ya mwaka 2002, kisha ya mwaka 2016, zikataka sehemu ya maji ya kila mto ihifadhiwe kwa mahitaji ya watu na ya viumbe. Wakati huo mabwawa yote matano yalikuwa yamekwisha simama.

Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aketiye penye taa hakusudii kumdhuru mkulima wa Ozi, hamwoni tu. Basi msomaji, usikiapo mtambo ukisifiwa kwamba haupotezi kitu, uliza swali moja zaidi: ni nani aliyehesabu, naye alisimama wapi mtoni?