Paris: Kanisa la mtakatifu aliyepanga zamu za msaada

Katika mji wa Paris, barabara ya Sèvres namba 95, kuna kanisa la mapadri Walazaristi. Juu ya altare kuu kuna sanduku la fedha na kioo. Ndani yake amelazwa Mtakatifu Vincent de Paul, aliyeletwa hapo mwaka wa 1830. Mahujaji hupanda ngazi za pande mbili mpaka karibu naye. Uso wanaouona umefunikwa kwa nta.

Vincent alizaliwa mwaka wa 1581 katika jamaa ya wakulima, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mwaka wa 1617 alikuwa paroko wa Châtillon. Jumapili moja akaambiwa kwamba kuna nyumba ambamo wote wanaugua, hakuna wa kumsaidia mwenzake. Akalitangaza kanisani. Mchana watu wakajaa njiani na vyakula. Hapo akaona shida: leo chakula kitazidi na kuoza, kesho jamaa ile italala njaa.

Wahami wetu wanaijua shida hiyo. Gari la msaada linafika siku moja, kisha kimya kwa majuma.

Vincent hakuwalaumu waliotoa. Aliwakusanya wanawake wa parokia, wakapata kanuni iliyoandikwa: kila mmoja na siku yake ya zamu, mmoja atunze fedha, na hesabu itolewe. Kanuni ilisema tena: anza na mgonjwa mwenye mtu wa kumtunza, maliza na yule aliye peke yake, upate kukaa naye zaidi.

Vita vilipoharibu jimbo la Lorraine, kuanzia 1639 aliwatuma wenzake huko. Bruda Mathieu Regnard alipita kati ya askari na wanyang'anyi zaidi ya mara 50, akificha fedha katika mfuko mkuukuu kama wa ombaomba. Waliokimbilia Paris walitafutiwa makao na chakula. Barua kutoka sehemu za vita zilisomewa matajiri wa mji, na kuanzia 1650 habari hizo zilichapwa na kugawanywa ili watu watoe.

Alifariki tarehe 27 Septemba 1660, akatangazwa mtakatifu mwaka wa 1737.

Huruma tunayo. Jirani anayekaribisha wahami nyumbani kwake hafundishwi huruma na mtu. Lakini penye kugawa msaada, maswali ya Châtillon bado yanafaa: kesho ni zamu ya nani? Hesabu iko wapi? Na ni nani yuko peke yake katika kibanda cha mwisho?